Vizimba Mdomoni mwa Bomba

Jumatatu, 11 Machi

Mume wangu kapata wazo. Mungu atulinde.

Siku hizi hataki kuitwa baba fulani. Anaitwa Mkurugenzi — cheo kajipa mwenyewe, tangu duka la vioo alikoajiriwa lifungwe akaja "kuniongoza" kwenye vizimba vyangu vya samaki. Vizimba ni vyangu. Kaniachia baba, pamoja na mapipa yake yanayoelea, nyavu zake na mtumbwi unaovuja. Lakini kofia iliyodariziwa MKURUGENZI iko kichwani mwa nani? Haya.

Wazo lenyewe: tuvihamishe vizimba hadi mdomoni mwa bomba la kiwanda cha umeme. Kiwanda kinavuta maji ya ziwa kupoza mitambo, halafu kinayarudisha yakiwa ya moto, kama jirani anayeazima shuka safi akairudisha na jasho lake. Mkurugenzi anasema samaki kwenye maji ya vuguvugu anakula mara mbili na kukua mara mbili. Kasikia wapi? Kwa dada yake. Wifi yangu yuko ofisi ya mahusiano pale kiwandani. Kazi yake ni kutukumbusha sisi watu wa ziwani kwamba tuna bahati.

Nikamwuliza, kama pale ni pazuri hivyo, mbona wavuvi wamepahama? Kasema ni wavivu. Wavuvi wanaoamka kabla ya jogoo, wavivu. Yeye anayeamshwa na jua la dirishani, Mkurugenzi.

Nimesema nitafikiria. Kwa lugha yake hiyo ni ndiyo.

Ijumaa, 15 Machi

Tumehama. Kuvuta vizimba kwa mtumbwi unaovuja ni kazi ya kuwapa adui zako. Mkurugenzi alisimamia. Alisimama mbele, akanyoosha kidole, akasema "kulia kidogo". Mimi na vijana wa kukodi ndio tuliokuwa hiyo kulia.

Maji ya pale ni moto kweli. Si wa kuunguza, ni wa kuogea mtoto mchanga. Mkono wangu uliingia ukakataa kutoka, nakiri.

Mama mkwe ndiye aliyefurahi kuliko wote. Kaja na kigoda, kaketi ukingoni, magoti yake mabovu kayatumbukiza. Kasema tangu azaliwe hajawahi kupata maji ya moto bila kuchanja kuni. Nikamwambia mama, maji haya yamefukuza samaki ghuba nzima. Akanijibu maji ya moto hayachomi nyumba. Akafumba macho. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jirani mvuvi alipita. Tunamwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Kasema zamani matete ya hapa yalijaa vifaranga vya samaki wa asili, ukipiga kasia wanaruka. Sasa matete yamevaa utando wa kijani, chini hamna kitu. Kasema: dada yangu, samaki anayefuata maji ya moto mwisho wake unajulikana, ni sufuria. Nikacheka. Mkurugenzi hakucheka.

Jumapili, 14 Aprili

Samaki wamekua.

Sina la kusema. Wamekua kweli, wananenepa hadi wanachekesha, wakirushiwa chakula maji yanachemka kwa mikia. Kwa hiyo Mkurugenzi alikuwa sahihi, na hilo ni janga la kifamilia. Analitaja asubuhi. Analitaja mezani. Jana alimwambia muuza mkaa, mtu asiye na ziwa wala samaki wala hamu ya kujua.

Nimefurahi lakini. Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Nilipomshika perege mmoja akajaa viganja vyangu vyote viwili nilimkumbuka baba, nikaona angeguna ule mguno wake wa kuridhika.

Jumamosi, 18 Mei

Mkutano wa watu wa ghuba, kwenye ukumbi wa shule. Kiwanda kinaomba kibali cha kufunga mtambo wa pili. Bomba lile lile, maji yale yale, moto mara mbili. Wifi alikuja na picha kwenye ukuta: ziwa la buluu, mtoto anacheka, samaki naye kama anacheka.

Wavuvi wakalalamika. Kwamba maji yamekosa hewa, kwamba nyavu zinatoka na ute, kwamba sasa wanapiga kasia hadi ng'ambo na kurudi na ndoo ya aibu. Kimya alizungumza mpaka mwenyekiti akaangalia saa.

Ndipo Mkurugenzi akasimama. Kofia kichwani. "Mke wangu, ambaye ndiye mwenye vizimba, anasema maji haya ni neema."

Anasema! Mke wake alikuwa ameketi pale pale ubavuni kwake, mdomo umefungwa, anatafuta njugu kwenye mkoba. Watu wakageuka kunitazama. Ningesema nini? Kwamba mume wangu ni mwongo, mbele ya wifi na mama mkwe na shule nzima? Nikatabasamu kama mjinga. Wakaandika kwamba nimekubali.

Tulipotoka Kimya hakunisalimia. Kwa mara ya kwanza alistahili jina lake.

Jumatano, 12 Juni

Tuna bango. Kwenye lango la kiwanda, refu kuliko nyumba. Mume wangu kakumbatia samaki wangu, meno yote nje. Chini: MAJI YETU, NEEMA YENU. Mama mkwe kaenda kupigwa picha mbele yake. Ndugu wa mbali wanapiga simu kupongeza. Samaki hajatajwa jina, wala mimi.

Mengine ambayo hayako kwenye bango: mchana, jua likiwa kali, samaki wanakuja juu kuhema. Midomo wazi, wote pamoja, kama watu waliofungiwa chumba kisicho na dirisha. Baadhi hawashuki tena. Ute wa kijani unaziba nyavu, nausugua kwa brashi mpaka kucha zinauma. Na asubuhi, kwa kuwa baridi imeanza, moshi unapanda juu ya maji. Mkurugenzi anauita mandhari.

Nikasema turudi kule kwa zamani, taratibu, kizimba kimoja kimoja, samaki wazoee. Akanitolea methali: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamwambia aliyevua nguo ni yeye, mimi nimekutwa uchi.

Jumanne, 2 Julai

Mkaguzi wa maji anakuja Jumatatu. Kutoka mjini, na vipimo vyake. Akisema maji ya bomba hayana joto la kuzidi, mtambo wa pili unapita. Akisema yamezidi, kiwanda lazima kijenge bwawa la kuyapoza kabla hayajafika ziwani. Ni hivyo tu. Ghuba nzima iko kwenye kipimajoto cha mtu mmoja.

Na mimi? Mimi nataka nini? Nimejiuliza nikisugua nyavu. Nataka nivune kwanza. Wiki tatu, nne, samaki watakuwa wamefika uzito wa kuuzwa. Mavuno haya ndiyo nyavu mpya, ndiyo vifaranga wapya, ndiyo kurudi mahali petu pa zamani. Yakipotea, vizimba vya baba ndiyo basi, sina mengine mahali popote. Baadaye wajenge hilo bwawa, wajenge na mnara juu yake.

Nimemwambia Mkurugenzi. Kasema nisijali, dada yake yuko ndani. Aliposema hivyo ndipo nilipoanza kujali.

Jumamosi, 6 Julai

Wifi kaja kututembelea. Ghafla, bila simu, kabeba keki ya dukani. Wifi hajawahi kutuletea hata kiberiti.

Kakaa mkao wa mtu anayeketi juu ya pini. Kamwomba kaka yake watoke nje kidogo. Wakasimama nyuma ya jiko, sikusikia, mama mkwe alikuwa ananisimulia magoti. Niliona tu Wifi akipiga ngumi kiganjani mwake, na Mkurugenzi akitikisa kichwa kama anayeelewa. Ile tikisa yake naijua. Ndiyo anayoitoa fundi akimweleza habari za injini.

Karudi ndani anapiga mluzi. Nikauliza kulikoni. "Mambo ya ofisi." Ofisi! Ofisi yake ni mtumbwi.

Keki ilikuwa nzuri, lakini.

Jumapili, 7 Julai

Nimeamshwa na ukimya. Ule mngurumo wa kiwanda tuliouzoea hadi hatuusikii — haupo. Nikakimbia ziwani na kanga ya kulalia.

Maji baridi. Mdomoni mwa bomba, baridi. Upepo wa Julai unakata masikio na maji yanakata zaidi. Samaki wametulia chini, hawaji kwenye chakula. Punje zinaelea tu.

Mkurugenzi kasema wanapumzika, leo Jumapili.

Mchana: wanalala ubavu. Wanajaribu kujinyoosha, wanalala tena. Nimetia mkono nikamshika mmoja, hata hakunikimbia. Nimevuta kizimba kimoja peke yangu kuelekea — kuelekea wapi? Hakuna maji ya moto popote. Nimekaa kwenye mbao nikiwaambia jamani amkeni. Nimewaambia samaki hivyo, kwa sauti.

Jioni wameanza kupanda juu, matumbo meupe.

Jumatatu, 8 Julai

Mkaguzi ni mtu mwembamba, mpole. Viatu alivua mwenyewe, suruali akaikunja, akaingia kwenye mtumbwi wangu bila kuuliza kama unavuja. Nikampenda kidogo kwa hilo.

Kashusha kipimajoto mdomoni mwa bomba. Kwenye vizimba. Kule mbali kwenye matete. Kote sawa. Maji ya ziwa, mazuri, baridi, kama Mungu alivyoyaumba. Wifi akiwa ukingoni na kiatu chake kirefu kinazama tope akasema: kama unavyoona. Halafu akawatazama samaki wangu wanaoelea, akasema kwa sauti ya kukariri kwamba masikini, hata maji yakiwa safi namna hii samaki wanakufa, kwa hiyo tatizo la vifo si la kiwanda, ni la ufugaji. Hakunitazama usoni.

Nikasema mitambo imezimwa jana! Juzi maji haya yalikuwa ya moto!

Mkaguzi akamwuliza Wifi. Hitilafu, akasema, imetokea ghafla, kitu kimekatika. Vitu vina adabu sana siku hizi, vinakatika kwa ratiba ya ukaguzi.

Mkaguzi akanigeukia. Kasema ameniona kwenye muhtasari wa mkutano, nikisema maji ya moto ni neema. Kasema hata bango kaliona langoni, na akamtazama Mkurugenzi, ambaye leo kofia ilikuwa mkononi. Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, kama daktari anayeuliza unaumwa wapi:

"Sasa mama, unalalamikia maji ya moto au maji baridi?"

Watu wakacheka. Kimya pia, kisha akaziba mdomo. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno hata msibani, nilisimama ndani ya mtumbwi nikimpangusa ute samaki aliyekufa.

Mkaguzi hakucheka. Tulipofika ukingoni akaniambia pembeni: samaki aliyezoea moto ukimtia baridi kwa mara moja anakufa, hilo analijua. Lakini hawezi kuandika moto ambao hakuupima. Ila akipata mtu wa kumwambia kwamba mitambo ilipangwa kuzimwa ili asiupime, basi ziara hii anaifuta, na atarudi siku asiyomtangazia mtu. Yuko nyumba ya wageni hadi kesho asubuhi.

Jioni.

Nimembana Mkurugenzi jikoni. Nimemwuliza mara moja tu: Jumamosi nyuma ya jiko dada yako alikuambia nini?

Kakohoa. Kapanga vikombe. Kisha: alimwambia mitambo itazimwa Jumapili mpaka mkaguzi aondoke. "Na wewe ukanyamaza?" Akasema aliona ni habari njema. Maji baridi si ndiyo maji yao ya asili? Alidhani watafurahi.

Watafurahi. Samaki. Nilicheka mpaka nikashika meza, na nilipoona machozi si ya kucheka tena nikatoka nje. Walikuwa samaki wa baba. Miaka yote ile ya brashi na kucha na alfajiri, na mwanamume kakaa nayo siri siku nzima kwa sababu alidhani samaki watafurahi.

Kuna zawadi pia, kumbe. Kiwanda kimempigia simu: vifaranga wapya bure, vizimba vyote, ilimradi tuseme chakula chetu kilikuwa na ukungu. Na kesho kutwa mitambo inawaka, maji ya moto kama kawaida. Kisha mtambo wa pili. Nikamwuliza, mitambo ikiwa miwili hao vifaranga watakuwa wanaishi au wanapikwa? Akasema tuvuke mto tukiufikia.

Mama mkwe kasikia yote. Kasema binti yake akipoteza kazi kwa ajili ya perege, nitafute nyumba nyingine ya kuolewa. Damu nzito kuliko maji. Nikamwuliza maji gani mama, ya moto au ya baridi? Kaenda kulala bila kula.

Jumanne, 9 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi la mapokezi, nyumba ya wageni. Miguuni nina ndoo ya samaki, imefunikwa, lakini mhudumu ameshafungua madirisha yote.

Asubuhi nilimwambia Mkurugenzi: mimi naenda. Aliyeambiwa ni wewe, neno langu halina uzito bila lako. Uje au usije. Nikashika njia. Karibu na soko nikasikia nyayo nyuma. Kaja bila kofia. Hakusema kitu njia nzima, na mimi sikumtania, jambo ambalo lilitutisha sote wawili.

Mkaguzi kasema atamsikiliza yeye peke yake, aliyeambiwa ndiye aseme. Wameingia. Mlango umefungwa. Sisikii kitu ila kiti kikiburuzwa.

Wifi kaingia.

Mama mkwe ndiye aliyempigia, bila shaka. Kaja mbio, kitambaa cha kichwa upande. Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu jana, makali, yamepangwa vizuri. Kakaa kando yangu, kaiona ndoo, akaanza kulia kimya kimya. Kisha kaniuliza:

"Wifi, mbona hamkuvua?"

Nikasema hatukuvua nini.

Kasema Jumamosi alikuja kwa ajili hiyo. Walikatazwa kumwambia mtu yeyote nje ya ofisi. Akashindwa kulala akiwafikiria samaki wangu. Alimwambia kaka yake waziwazi: mwambie mkeo avue wote leo, kabla maji hayajapoa, la sivyo watakufa. Kayarudia mara tatu. Hata ngumi kaipiga kiganjani mwake ili kaka aelewe. Akaona anatikisa kichwa, akaondoka na moyo mweupe. Na jana pale ukingoni, alipowaona wanaelea, alidhani mimi ndiye niliyekataa kwa ubishi.

Kwa ubishi. Wala simlaumu.

Nimemwuliza, wakijua kwamba ni wewe uliyetoa habari? Kasema ofisini watajua kabla ya chakula cha mchana. Ana watoto wawili na hana mtu wa kumsaidia kuwalea, na dawa za magoti ya mama ananunua yeye. Hakusema kwa kunibembeleza. Alisema tu, kama mtu anayehesabu vitu vilivyobaki nyumbani.

Miezi yote hii nimemchoma kwa kalamu hii, na ndiye pekee aliyekumbuka kutuonya.

Nimesimama nikagonge ule mlango. Nimsimamishe mume wangu kwa mara ya kwanza maishani anaposema ukweli. Nimekaa tena. Nikagonge niseme nini? Nikigonga, ghuba nzima inapikwa. Kimya na wenzake, matete, vizimba, vyote. Nisipogonga —

Wifi kaniuliza: kaka anasema nini humo ndani? Nikamwambia sijui. Na kweli sijui. Yule bwana nimeishi naye miaka yote hii na sijui kama sasa hivi anasema chakula kilikuwa na ukungu au anasema kweli, na hata nikijua sijui niombe lipi.

Mlango umefunguka.

Si yeye. Ni Mkaguzi, peke yake, miwani juu ya paji la uso. Anatutazama kwenye benchi, mmoja, kisha mwingine. Anauliza kwa upole ule ule kama huyu wa ofisi ya kiwanda ndiye dada wa mume wangu.

Wifi hasimami. Amenikamata mkono wa kushoto na hauachii.